Mama Chokaa na Mtihani wa Siku Moja

Saa moja kasorobo asubuhi, mwanamke mmoja mwenye kilemba cha bluu amesimama barazani kwa watu, anagonga ukuta kwa mpini wa mwiko. Anagonga, anasikiliza, anasogea hatua moja, anagonga tena. Mwenye nyumba anafungua dirisha na macho yake ya usingizi.

“Hodi ya namna gani hii, mama?”

“Sibishi hodi kwako, baba. Naongea na ukuta. Rudi ulale.”

Ukutani, chini ya dirisha hilo, anachora duara kwa chaki. Ndani ya duara hilo lipu imeachana na mawe, na itabidi ibanduliwe. Kwingine kote ni nzima, na hataki mtu aiguse.

Ana miaka hamsini na minne. Kazi ya kupiga lipu ya chokaa ameifanya kwa miaka thelathini na mmoja, na mtaani jina lake la kuzaliwa limeshasahaulika, wote humwita Mama Chokaa. Kazi alifundishwa na baba yake, fundi aliyekuwa mchache wa maneno na mwepesi wa kubomoa kazi mbovu. “Nilimaliza ukuta mzima nikijisifu,” anakumbuka. “Akaja, akauangalia, akaukwangua wote. Hakusema hata pole. Nililia, halafu nikaanza upya.”

Leo anafanya kazi hii na kadi ya halmashauri ya jiji ikining’inia shingoni, namba moja. Ameivalisha plastiki mara mbili ili isilowe. Ilibaki kidogo tu aikose.

Mwaka jana halmashauri ilipitisha sheria ndogo ya kulinda nyumba sitini na tatu za kale. Mwenye nyumba haruhusiwi kuvunja wala kubadili madirisha bila kibali, na saruji ni marufuku kwenye kuta hizo. Mama Chokaa aliposomewa tangazo la sheria hiyo alipiga vigelegele peke yake njiani.

Sababu ya saruji kukatazwa anaijua vizuri. Kuta za zamani ni za mawe na udongo, na hupitisha unyevu. Ukizipaka saruji, maji yanabaki ndani na ukuta unaoza huku unang’aa kwa nje. “Ni kama kumvika mgonjwa wa homa koti la mvua,” anasema. “Utamwona nadhifu, kumbe anakufa.”

Lakini tangazo lilikuwa na kipengele cha mwisho. Hakuna fundi atakayegusa nyumba hizo bila kadi, na kadi haipatikani bila mtihani. Wiki hiyo hiyo alishushwa kwenye ngazi, nyumba ikiwa nusu. Kazi zake zote zilikuwa katika nyumba hizo sitini na tatu. Bila kadi, hana kazi.

“Niliwaambia, nyumba mnazozilinda ni mimi niliyezishika miaka yote hii! Wakanijibu, sawa mama, jaza fomu.”

Mtihani ulifanyika nyuma ya stoo ya halmashauri. Watahiniwa walikuwa sita, kila mmoja akapewa kipande cha ukuta cha mita moja kwa mita moja, tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Msimamizi alikuwa mhandisi wa jiji, kijana mwenye viatu visafi na saa kubwa mkononi.

Kufikia saa tisa, wenzake watano walikuwa wamemaliza. Kuta zao zilikuwa laini kama sahani. Mama Chokaa alikuwa amepiga tabaka la kwanza tu, akalichora mistari, akalifunika kwa magunia yaliyolowa, akakaa kivulini.

“Mama, muda bado upo,” mhandisi akamkumbusha.

“Muda upo, mwanangu. Chokaa ndiyo haijawa tayari.”

Watu walicheka. Mhandisi naye hakuwa na la kufanya, fomu yake ilikuwa na visanduku viwili tu. Saa kumi ilipofika akaandika: Hajamaliza.

Jioni ile alirudi nyumbani akalia mpaka mume wake, dereva mstaafu, akaogopa. “Mke wangu, kwani ungepungukiwa nini ukimalizia harakaharaka?” alimuuliza. Alijibiwa kwa jicho moja, na tangu siku hiyo hajauliza tena.

Kesho yake asubuhi Mama Chokaa alikuwa getini kwa halmashauri na ndoo ya maji. Mlinzi alimwambia mtihani umekwisha na yeye ameshafeli.

“Najua. Lakini ukuta haujui kuwa nimefeli. Ukikauka haraka utapasuka. Nifungulie.”

Akafunguliwa. Akarudi siku iliyofuata, na nyingine. Siku ya nane alipiga tabaka la pili, siku ya kumi na tano la tatu. Hakuna aliyemtuma wala aliyemlipa.

Afisa wa majengo ya kale, mwanamke aliyeiandika sheria ile kwa mkono wake, alikuwa akimwona kila siku kupitia dirisha la ofisi. Mwishowe uvumilivu ukamshinda, akashuka.

“Nilidhani anatugomea,” anasimulia afisa huyo. “Nikamuuliza, mama, unafanya nini hapa? Akanipa mwiko, akaniambia, gonga mwenyewe.”

Afisa akagonga vipande vyote sita. Cha Mama Chokaa kiliitika kwa sauti nzito. Vile vitano vya jirani vilikuwa vimeshaanza kufanya nyufa, na viwili vililia kama debe tupu. Mafundi wote watano walikiri baadaye kwamba walichanganya saruji kidogo ili wawahi saa kumi. Kwa maneno mengine, mtihani wa kuzuia saruji ulikuwa haupitiki bila saruji!

“Niliona aibu,” anasema afisa, akicheka sasa. “Sheria ni yangu, na ningemfungia nje mtu pekee aliyeifuata.”

Kadi za wale watano zilikuwa hazijachapwa. Suala likapelekwa kwenye kamati, na kipengele kikaandikwa upya: mtihani wa lipu usipungue siku ishirini na moja. Ulipofanyika tena, walifaulu wawili tu, na Mama Chokaa akawa wa kwanza.

Mhandisi naye hana kinyongo. “Saruji nimeisoma chuoni miaka minne,” anasema. “Chokaa ilikuwa ukurasa mmoja, na siku hiyo nadhani sikuhudhuria.” Siku hizi Jumamosi huja kuchekecha mchanga kwa Mama Chokaa, na viatu vyake si visafi tena.

Sasa kazi zimemjia mpaka anazikataa. Amechukua wanawake wanne wa kuwafundisha, na mwanafunzi wa tano ni mume wake. “Yeye simpendelei,” anasema kwa sauti ya juu, ili mume aliye kwenye ngazi asikie. “Akiharibu namfelisha, na chai atajipikia.”

“Nimesikia!” anajibu mume kutoka juu.

Mpango wake mkubwa, hata hivyo, ni jengo moja tu. Siku alipokwenda kuchukua kadi, alipita kwenye ukumbi wa halmashauri, jengo la kwanza kabisa katika orodha ile ya sitini na tatu. Mkono haukutulia, akagonga. Ukuta wote, kuanzia mlangoni hadi kwenye ngazi, ulikuwa saruji tupu, iliyopigwa miaka miwili kabla ya sheria.

“Sheria ni msumeno,” anasema, macho yakimcheka. “Nimewaandikia barua kwa heshima zote, naomba kibali cha kuibandua. Wana siku thelathini za kunijibu. Sikuzipanga mimi, wamezipanga wao.”

Je, wakikataa?

Baada ya kazi, nyumbani kwake, anafuta mikono kwenye kanga yake na kuinua kifuniko cha pipa lililo karibu na mlango wake. Limejaa chokaa iliyolowekwa, kama uji mweupe, na nyuma yake yamepangwa mengine kumi na moja.

“Jengo kubwa kama lile linataka chokaa iliyokaa majini miezi mitatu,” anasema. “Mimi nimeshaloweka.”