Mlango wa Vyuma Vitatu

Fundi kufuli huyu, wenzangu, mtaa mzima ulimwita Komeo. Kibanda chake kilinuka mafuta ya mashine, na alikuwa akikufungulia mlango uliokushinda huku anakuuliza hali ya watoto. Lakini raha yake hasa ilikuwa mchezo alioubuni mwenyewe: ubao mpana uliochorwa handaki, mazimwi ya mbao, na milango iliyofungwa kwa mafumbo. Kila Jumapili mchana mkewe na mdogo wake wa kike waliingia handakini kutafuta taji, naye Komeo ndiye mwenye handaki, mwamuzi wa mchezo.

Mdogo mtu alichezea kete aliyoichonga mwenyewe, mwanamke ameshika taa. Alimwita Bibi Taa. Kwa miaka Bibi Taa aliponea chupuchupu, akafiwa na mbwa, akapata ngao, na kila jeraha lake lilikuwa na hadithi. Sheria ya handaki ilikuwa moja: aliyekufa harudi.

Jumapili moja wakafika mlango wa mwisho. Vyuma vitatu, viinue upite, ukikosea unakuangukia.

"Naviinua vyote mpaka juu," alisema mdogo mtu.

"Una hakika?"

"Kaka, usinitishe. Juu kabisa!"

Komeo akacheka, akailaza kete chali. "Umekwisha! Kila chuma kina kimo chake, kama ndani ya kufuli. Kikipita kimo hicho kinafunga, sawa na kile kisichofika."

"Na hilo limeonyeshwa wapi humu?"

"Ah, nani asiyelijua!"

"Wifi, wewe ulilijua?"

Mkewe Komeo akatikisa kichwa. "Mimi milango naijua ya kupiga teke."

"Mlango mgumu nauweza, kaka. Huu hauna njia."

"Sheria ni sheria," alisema Komeo, kwa kuwa mlango ule aliupenda mno. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.

Mdogo mtu akatia kete mkobani, akashukuru kwa chakula. Jumapili iliyofuata aliumwa kichwa. Nyingine akawa na wageni. Komeo akasema amenuna tu, hasira zitamtoka.

Kisha muuguzi mmoja akaleta kufuli lililokwama. Komeo akalifungua tumbo mezani, na yule mama akachungulia. "Kumbe hivi vyuma havitakiwi vifike juu?"

Swali hilo Komeo alikuwa amelijibu miaka yote, kila mara kwa mteja mpya. Akaiweka bisibisi chini; hakuna hata mmoja aliyeingia akilijua.

Alifunga kibanda jua likiwa bado utosini, akaenda kwa mdogo wake, akamkuta anakunja nguo.

"Nilikuonea. Ile kauli naifuta. Bibi Taa arudi."

"Ukimfufua, kaka, yale yote aliyoyaponea yanakuwa bure."

"Basi chonga kete nyingine."

Mdogo mtu akakunja shati, akalilaza juu ya mengine. "Nitakuja kula. Kucheza, hapana. Kila mlango nitabaki kujiuliza kama una njia au una siri yako. Siku ile nilikuuliza, kaka. Ungesema tu, 'Nilisahau kuweka dalili.' Ningecheka, nikakubali kufa."

Komeo akashika ncha ya pili ya shuka, akamsaidia kukunja.

Nyumbani alichukua brashi nyembamba, akachora ukutani mwa chumba cha kwanza cha handaki chuma kimoja kilichoinuliwa nusu tu, na mlango wake uko wazi. Mkewe akamwinamia begani.

"Sasa hata mimi naona. Nani atapita?"

Komeo akainama, akaipulizia rangi ikauke.