Kitabu cha Kwanza Kiko Njiani

Iko siku moja ya hapa Kigoma naikumbuka kuliko zote, mwanangu, na wewe ndiye uliyenikumbusha. Jana ulisimama mbele ya kabati langu, ukavitazama vile vitabu kumi na tisa vya Wana wa Kimondo, ukauliza, "Bibi, mtu mgeni anaanzia cha ngapi?" Nikafumba macho, nawe ukadhani nimesinzia. Sikusinzia. Swali hilo niliwahi kuulizwa zamani, nikalijibu vibaya.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na minne, nimetoka kwetu Mpwapwa kwa treni, nimepangiwa kazi ya kupima hali ya hewa. Kila saa unatoka nje, unasoma kipimajoto ndani ya kile kibanda cheupe, unatazama mawingu, unaandika daftarini. Huruki saa, huruki siku. Kazi ilinifaa, maana tangu utoto nilikuwa mtu wa mpangilio. Hata vijiko vyangu vilijua mahali pake. Lakini upweke wake, mwanangu, usiombe. Nilipanga chumba mtaa wa Katubuka. Wenyeji walikuwa wema, ila wakianza Kiha chao wakacheka, mimi nilibaki natabasamu tu bila kujua kinachochekesha. Jumapili nzima ilipita sijasikia mtu akitaja jina langu.

Wenzangu walikuwa wale watu wa vitabuni. Habari yao kwa ufupi: dunia yao imeharibika hewa, wamechimba kimondo wakaingia ndani, na wanasafiri angani vizazi na vizazi wakitafuta pa kukaa. Nilivisoma, nikavirudia, na sikuwa na hata mtu mmoja wa kumwambia, "Umefika pale nahodha anapozeeka?" Utamu usio na wa kumgawia huchacha.

Ndiyo ilikuwa miaka ile ya wakimbizi. Watu walivuka ziwa na magodoro na watoto, wakapokelewa ufukweni, wakangoja malori ya kuwapeleka kambini. Baadhi yao walikuja kuchota maji kwenye bomba la ofisi yetu. Mmoja alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, jina lake Domitila, mwalimu kutoka Burundi. Siku ya kwanza alitua ndoo, akainama kutazama kitabu nilichokuwa nasoma ngazini. Kilikuwa cha kumi na moja. Jalada lake lina mwanamke anayechota maji ndani ya mwamba, na nyota dirishani.

"Huyu naye yuko bombani," akasema, akacheka. "Dada, unipatie nisome? Tangu nivuke sijasoma kitu, ila maandishi ya magunia ya unga."

Moyo wangu uliruka, mwanangu. Mtu! Msomaji! Nikamweleza mfululizo wote ulivyo, akaniuliza swali lako lile lile: mgeni anaanzia wapi? Nikamjibu kwa kiburi cha mwenye mali: "Lazima cha kwanza. Ukianzia katikati hutaelewa kitu." Na cha kwanza sikuwa nacho. Nilikuwa nimemwachia kaka yangu Mpwapwa. Nikamwandikia siku hiyo hiyo akitume kwa treni.

"Subira yavuta heri," nikamwambia Domitila. Mimi, mwenye chumba na mshahara, namfundisha subira mtu anayelala chini ya turubai.

Basi akawa anakuja kila siku na ndoo yake. "Kimefika?" "Bado, kiko njiani." Tukazungumza kidogo, ndoo ikajaa, akaenda. Nilianza kuisubiri saa yake kuliko saa za daftari. Siku moja akaomba, "Basi nisimulie kidogo tu." Nikakataa, nikamwambia nitamharibia utamu. Akanitazama. "Utamu gani, dada?"

Wiki ya tatu, siku ya Jumatatu, alikuja bila ndoo. Malori yalikuwa yanaondoka kesho yake asubuhi.

"Nipatie hicho hicho," akasema. Cha kumi na moja kilikuwa mkononi mwangu. "Chochote, dada. Kule hatujui tutakaa namna gani."

Nilijua kwamba nilipaswa kunyoosha mkono. Nilijua, na bado nikasema, "Keshokutwa treni inaingia. Nitakutumia vyote, kwa mpangilio."

Akanipa mkono. "Urakoze, dada," akasema, ndiyo asante ya kwao, akaenda zake. Sikumsindikiza hata hadi barabarani, kwa kuwa saa ya kusoma kipimajoto ilikuwa imefika.

Jumatano kitabu kikaingia, kimefungwa vizuri kwa gazeti. Nikakimbia nacho ufukweni, labda malori yamechelewa, nikakuta vijana wanafagia. Baadaye nikampa dereva mmoja wa malori akipeleke. Akarudi nacho: kambi zilikuwa zaidi ya moja, akina Domitila walikuwa wengi, na aliponiuliza jina la baba yake sikulijua. Wiki tatu nzima sikuwa nimemuuliza yule mwanamke hata amevuka na nani.

Tulikuwa na Mzee Bukuru, Muha wa kijiji cha Mwamgongo kando ya ziwa, aliyekata majani kuzunguka vipimo vyetu. Alinikuta ngazini nalia, kitabu mapajani. Nikamwamkia, nikamweleza. Hakunihurumia.

"Binti, mimi nikitaka kutoka kwetu kuja hapa mjini napanda boti," akasema. "Boti hiyo inaanzia Kagunga, huko mpakani. Sasa niende kwanza Kagunga ndipo nianze safari? Napandia kwetu. Nikishakaa nawauliza waliomo habari za nyuma, nao wananipa. Ndivyo watu wanavyojuana ndani ya boti." Akachukua fyekeo lake. "Hata wewe. Kitabu ulichoanza nacho kilikuwa cha ngapi?"

Aibu ikanishika, mwanangu. Kilikuwa cha sita. Nilikiokota bwenini nikiwa shuleni, hakina jalada, kinaanzia ukurasa wa tisa. Nilikipenda kabla ya kujua kinaitwaje.

Nikakisoma tena kile cha kwanza peke yangu, na nikwambie ukweli ambao wapenzi wa vitabu hivi hawautamki: ndicho kinachochosha kuliko vyote. Nusu nzima wanachimba mwamba.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni alikuja, na mwenyeji akamsimamisha mlangoni akitafuta ufunguo wa mlango mwingine. Domitila sikumwona tena. Sijui kama alirudi kwao, sijui kama yu hai. Wenzangu wa kazini walipopata uhamisho waliondoka, mimi nikabaki hapa hapa, na kila nikiona mtu bombani namtazama mara mbili.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii. Mtu akikuomba kilicho mkononi mwako, mpe hicho hicho, usimngojeshe kilicho bora kilicho njiani. Akiingia katikati, msogelee umwambie yaliyopita. Hayo mazungumzo ndiyo yatakayowafanya ndugu. Hata wale wana wa kimondo wenyewe walizaliwa safari imeshaanza, hakuna aliyewarudisha nyuma. Na muulize mtu jina lake lote.

Haya, fungua kabati, uchukue cha kumi na moja. Chenye yule mama bombani. Anzia hicho. Utakwama ukurasa wa tatu, maana hutamjua nahodha wala ugomvi wake na mdogo wake. Ukikwama, usirudi cha kwanza. Njoo kwangu uniulize, hata kila siku, niko hapa tu. Mungu akupe macho ya kusomea hadi uzeeni, mwanangu, na asikunyime mtu wa kukuuliza umefika wapi.