Injini Aliyoijua Mama

Nakumbuka siku ile pikapu yangu ilipoanza kukohoa pale Buhongwa, nikitokea mjini Mwanza na matenga ya samaki, sato watupu. Moshi wa bluu ulitanda nyuma yangu mpaka waendesha baiskeli wakanitukana.

Mwanangu, ujue kwanza anayekusimulia ni nani. Niliishia darasa la nne. Lakini biashara zilipofunguliwa kwa watu binafsi, miaka ile ya tisini, wasomi wakiwa bado wanaandika barua za kuomba kazi, mimi nilikuwa na gari langu. Nilianza na baiskeli ya kuchuuza samaki. Najisifu, ndiyo, kwa sababu hakuna aliyenisaidia, ukimtoa mama.

Fundi Masanja, mzee mwenye gereji pale Buhongwa, alifungua boneti, akasikiliza, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakinusa.

"Inakula oili. Ringi za pistoni zimechoka. Niachie wiki mbili niishushe, niifungue."

"Wiki mbili! Mzee, siku hizi injini za Japani zimepangwa mjini kama mihogo. Toa hii, weka nyingine."

"Chuma chake hakina ufa, kijana. Wewe ukikohoa, tukubadilishe kifua?"

Watu wakacheka. Nikaona nimedharauliwa.

"Toa! Mimi si mtu wa viraka. Hiyo uza vyuma chakavu."

Siku ya tatu injini ya Japani ilikuwa ndani, inanong'ona tu. Nikaenda moja kwa moja Usagara kumwonyesha mama.

Mama macho yake yalishaingia ukungu, lakini ile injini ya zamani aliisikia tangu mbali ikipanda kilima. Kila nilipofika nilimkuta amesimama kwenye ua wa minyaa, na jikoni maji ya ugali yanachemka. Siku hiyo kwenye minyaa hapakuwa na mtu. Nikapiga honi kwa mbwembwe. Hakutoka mtu. Nilimkuta ndani, anapapasa choroko kwenye ungo.

"Shikamoo, mama."

Akashtuka. "Marahaba. We! Umekuja kwa miguu?"

"Nimekuja na gari, mama. Injini nyingine, hata haisikiki!"

Akasukuma ungo kando. "Sasa nitajuaje kama ni wewe?"

Nikacheka, mjinga mimi. Baadaye jirani akaniambia kwamba tangu siku ile mama anatoka hadi kwenye minyaa kwa kila gari, hata malori ya pamba, anapunga mkono.

Nikakimbilia Buhongwa. "Mzee, nirudishie ile yangu." Fundi Masanja akanionyesha doa la oili mchangani. Watu wa vyuma chakavu walishaikatakata. Hakunicheka. Afadhali angenicheka.

Mama hayupo tena. Leo nina magari matatu, yote mazima, na hakuna hata moja linalomfanya mtu abandike maji jikoni.

Basi, mwanangu, injini ikikusumbua, usiamue kwa hasira wala kwa kutaka kuonekana. Mwache fundi aifungue kwanza, aone. Ikiwa chuma kimepasuka, badilisha, usiililie. Ikiwa imechoka tu, mpe fundi wiki zake mbili. Na kabla hujamjibu, fikiria nyumbani kuna nani anayekungoja, na anakujuaje ukifika.

Mungu akulinde barabarani, na kila uendako akupe mtu aliyekwisha kukusikia unakuja.