Bi Mawingu Anachagua Mdeki

Binti yangu wa kwanza hana haraka na dunia. Tangu utotoni tulimwita Bi Mawingu, kwa sababu ukimtuma chumvi, nusu saa baadaye unamkuta amesimama katikati ya njia anatazama kivuli cha ukuta kinavyosogea, hela mkononi, chumvi hakuna. Walimu walisema hasikii. Baba yake alisema anasikia, ila anasikia mambo mengine.

Sasa ana miaka ishirini na tisa na ni fundi saa. Kibanda chake kimebanwa kati ya duka la viatu na ngazi za kupandia ghorofani, upana wake kama kabati. Hukaa humo na kioo jichoni na kibanio mkononi, na anaweza kumaliza asubuhi nzima na saa moja tu bila kuinua kichwa. Nikimpelekea chakula cha mchana nagonga meza, naye hunitazama kama mtu anayeibuka majini.

Kwa hiyo siku aliponiambia anataka gobore la marehemu baba yake, nilikaa chini kwanza.

Gobore linashindiliwa kupitia mdomo wa mtutu. Unamimina baruti, unaweka kitambaa chenye mafuta, juu yake gololi ya risasi, halafu unasukuma vyote kwa ule ufito mrefu uitwao mdeki mpaka vikae chini kabisa. Fataki, kile kifuniko kidogo cha kuwashia baruti, huja mwisho. Ukisahau ukatia baruti mara mbili, mtutu unaweza kukupasukia usoni. Nami nilikuwa na mtoto anayetia sukari kwenye chai mara tatu, anakunywa, na bado hajui.

Aliyeleta jambo lenyewe ni kaka yangu. Analima viazi nje ya mji, na nguruwe pori walikuwa wanamlimia upya kila usiku. Kibali cha kuwawinda anacho, macho ndiyo yamemwacha.

"Mpwa wangu ana mkono usiotetemeka," alisema. "Nipe huyo."

"Mkono sawa. Na akili?"

"Akili tutaikuta njiani, dada. Wewe niletee mkono."

Leseni ya gobore ikahamishiwa kwa binti yangu, ofisi ikagonga mihuri yake. Lakini vifaa vya baba yake vya kushindilia vilikuwa vimekwisha: pembe ya baruti imeliwa na wadudu, mdeki wa mti umepinda kama mkia wa mbwa. Ikabidi akanunue vipya. Sikualikwa. Nilivaa viatu tu nikatangulia mlangoni.

Duka lilikuwa chumba kirefu chembamba, na mwanga uliingia hasa kwa kioo cha darini, ukashuka ukiwa umejaa vumbi linaloelea polepole. Kulinukia mafuta ya mashine. Mwenye duka, mtu wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi, anajulikana kwa jina la Pima Kwanza. Hamuuzii mgeni kifaa cha kushindilia mpaka amwone akishindilia. Mezani kwake kuna kipande cha mtutu mkuukuu kimebanwa kwenye jiliwa kikitazama juu, na bakuli la mchanga mkavu badala ya baruti.

Binti yangu hakuiona meza hiyo. Alikuwa ameshika pembe ya baruti, ameiinua kwenye ule mwanga. Ilikuwa imekwanguliwa nyembamba mpaka unaona ndani, rangi ya asali.

"Mama, tazama," alisema. "Kama kuna jioni imefungiwa humu."

Nami kwa kweli nilitazama. Kwa kitambo nilisahau kilichotupeleka. Nilimwona akiwa na miaka sita, njiani, kiganja kimefumba hela.

"Jioni hiyo nzuri," Pima Kwanza alisema, "lakini usiimimine moja kwa moja mtutuni, dada. Ukishafyatua mara moja, cheche inaweza kubaki chini. Moto ukipanda kwenye pembe, utakuwa umeshika bomu. Mimina kwenye kipimo kwanza, kipimo ndicho kiende mtutuni."

"Hataki pembe," nikasema. "Mpe vile vichupa."

Nilikuwa nimekwisha kuviona: vichupa vidogo vya plastiki, kila kimoja na baruti ya mara moja upande huu na gololi upande wa pili. Kikiwa kitupu, ujue umeshatia.

"Mama, ni wewe unayewinda?" Pima Kwanza aliniuliza.

"Mimi ni mamake anayewinda."

"Kumbe una cheo," alisema, akamsogezea binti yangu bakuli la mchanga. "Haya, dada, pima kwanza."

Akaanza. Alichota mchanga, akausawazisha kwa ncha ya kidole kama anayefuta machozi ya mtu, akamimina. Polepole, vizuri. Nami nikauliza, "Umetia?"

"Nimetia, Mama."

"Kipimo kilijaa?"

"Kilijaa."

"Una uhakika? Na kitambaa je, kina mafuta? Usisahau kitambaa."

Akageuka kutafuta kitambaa. Akakitazama, akalitazama bakuli, akachota tena, akamimina. Kisha kitambaa, gololi, mdeki. Pima Kwanza aliinama mezani. Aliweka ukucha pale mdeki ulipoishia kwenye mdomo wa mtutu, akauchomoa, akauonyesha. Alama ya kipimo kimoja, iliyochorwa kwenye mdeki, ilikuwa juu ya ukucha wake kwa upana wa vidole viwili.

"Mara mbili," alisema.

"Si nilisema?" nikaanza. "Si nilisema huyu mtoto..."

"Mama," Pima Kwanza alinikata, kwa upole. "Kila mteja huwa namsemesha mimi mwenyewe akiwa katikati, nimjaribu. Leo sikupata nafasi. Umenipokonya kazi."

Binti yangu alitazama viatu vyake. Hakucheka, na hilo ndilo lililonichoma.

"Sasa naomba ukasimame nje," Pima Kwanza aliendelea. "Akikosea tena bila wewe, siuzi kitu, na gobore mlirudishe ofisini."

Nilisimama nje, pua kwenye kioo cha mlango. Sauti za ndani hazikunifikia. Binti yangu alimwaga mchanga wote akaanza upya, na mikono yake ilienda kama mikono ya mtu anayeogelea usingizini, hili kisha hili, kila kitu mahali pake. Pima Kwanza alimsemesha, nikaona midomo yake ikienda. Yeye akanyanyua kidole kimoja kumwambia asubiri, na hakumtazama. Mimi hajawahi kuninyanyulia kidole. Mimi hunijibu kila mara, kwa sababu ni mama yake.

Mdeki uliposimama, ulisimama kwenye alama.

Alinunua vichupa sita, kipimo cha shaba, sindano ya kuzibulia tundu la fataki, na mdeki wa shaba, maana wa mti huweza kuvunjika ukamchoma mtu kiganja. Pembe aliirudisha rafuni mwenyewe. Nyumbani aliutia mdeki kwenye gobore tupu, akauchora kwa tupa yake ya saa mstari mwembamba pale ulipokutana na mdomo wa mtutu. Mstari wa pili ungechorwa shambani, mbele ya mjomba wake, likishashindiliwa kipimo kamili.

Siku ya kuwinda nilienda. Nilisema nakwenda kuwachemshia chai. Ukungu ulikuwa umelala juu ya viazi, miti inaonekana nusu nusu. Alisimamisha gobore kando ya ukuta wa ghala, akatoa kichupa mfukoni. Kisha akasimama. Alitazama ukungu, kichupa mkononi, muda mrefu, na uso wake ulikuwa ule ule ninaoujua.

Maswali yote yalinijaa kinywani. Kaka yangu alinigeukia. Nikauma ulimi kwelikweli, mpaka nikaonja chumvi.

Binti yangu akaushusha mdeki mtutuni. Ulizama mpaka mstari wa gobore tupu. Akatikisa kichwa kukubali, akauchomoa, akafungua kichupa.

Waliondoka, ukungu ukawafunga. Nilichochea moto. Mlio ulikuja mmoja, mzito, ukazunguka vilimani, halafu kimya. Simu ilikuwa kwenye upindo wa kanga yangu na sikuigusa. Nilihesabu vikombe, nikavihesabu tena.

Walirudi bila nguruwe. Alikuja akitembea kwa mwendo wake, uso una masizi, vidole vyote kumi vipo. Akakaa karibu yangu, akanichungulia.

"Mama, unaumwa? Tangu asubuhi hujaniuliza kitu."

"Sijambo," nikamwambia, nikammiminia chai.