Bunduki Iliyomwangusha Mwenyewe

Saa moja asubuhi, kijijini Kibua, Walikale, mashariki mwa Kongo. Constance Byamungu anamzunguka mwindaji Papa Léonard kama fundi nguo aliyepewa bwana harusi. Mkononi ana kamba na penseli. Papa Léonard amevaa kabuti zito na jasho linamtiririka. Amejaribu kulivua mara mbili. Amekatazwa.

"Papa, usivue hiyo kabuti," anasema Constance. "Siku ile nilikupima na shati ya misa, tukaona."

Constance, mwenye miaka arobaini na sita, ni seremala wa vitanda na milango. Safari hii anachonga kitako cha bunduki ya kuwindia nyati, nzito, ya kuvuta komeo kwa mkono kila risasi. Babake Léonard aliachiwa bunduki hiyo na mwajiri wake, Mbelgiji mrefu mno. Léonard, kwa lugha ya adabu, si mrefu. Karatasi ya ruhusa ipo, na komeo, ambalo bila hilo bunduki hailii, hulala kwa chifu.

Kitako cha zamani kilimzidi Léonard kimo, na teke la bunduki hiyo halina huruma. Mwaka huu imemwangusha chali mara mbili, mbele ya mashahidi. Nguruwe pori, hadi tunakwenda mitamboni, hawajaanguka.

Kicheko kinaishia hapo. Kati ya mistari arobaini ya mihogo ya Constance, nguruwe wamefukua ishirini na mitatu. Ni mjane mwenye watoto wanne, na shamba hilo ndilo linalowalisha. Mwindaji mwingine mwenye ruhusa hayupo.

Kitako cha kwanza alichochonga Constance kilinasa kwapani. Léonard alikuja kupimwa na shati jeupe la kanisani, ilhali huwinda asubuhi za mvua, amevaa kabuti. Nguruwe walipita taratibu. Cha pili Constance alikichonga haraka kwa mti mbichi, kikapasuka kwa risasi ya kwanza.

Umebaki ubao mmoja wa libuyu, mti mgumu wa msituni, uliokaushwa miezi kumi na minne juu ya moshi wa jiko. Dada yake, Noëlla, alimshauri arudie vitanda, maana bunduki si kiti.

"Nilimujibu, kiti nayo inabeba muntu," anasema Constance, macho yakiwa kwenye tupa.

Anakifupisha kitako kwa vidole vitatu, anakipanua penye bega na kukigongea mpira wa gurudumu la lori. Kwa siku tatu anapaka chuma cha bunduki masizi, anakilaza kwenye mbao, anakwangua palipochafuka, anarudia hadi chuma kikae sawasawa.

Alhamisi chifu analeta komeo. Léonard analenga ukingo wa kilima usio na nyumba. Nyuma yake, watu wenye roho nzuri wametandika majani ya migomba mahali wanapotarajia aangukie.

Mlio. Léonard anarudi nyuma hatua moja, anabaki wima. Anapiga ya pili, kisha ya tatu. Majani hayajaguswa.

Constance hapigi makofi. Anachukua bunduki na kupitisha ukucha kwenye mbao, toka shingoni hadi mwisho, akitafuta ufa. Anarudia.

"Iko muzima," anasema.

Mwezi mzima alikataa kupanda, akisema hawezi kulimia nguruwe. Sasa anamwomba Noëlla vijiti vyote vya mihogo alivyomwekea.

"Kesho Papa Léonard ataamukia kwa shamba yangu," anasema, akitafuta jembe. "Mimi napanda leo. Mwaka kesho batoto batakula."