Ukurasa wa 112

Zuena Sulemani alipiga taipu katika chuo kimoja cha walimu mjini Nyeri kwa miaka ishirini na minne, na kwa muda huo wote hakuwahi kumheshimu mhadhiri yeyote zaidi ya muhula mmoja. Hakuwa mtu wa matusi. Alipokea karatasi zao kwa vidole viwili, akasoma aya ya kwanza mwenye kazi akiwa bado amesimama pale mezani, kisha akauliza kwa upole, "Hii umeitoa wapi?"

Alizaliwa Majengo, mtaa wa Waislamu hapo hapo mjini. Baba yake alikuwa fundi viatu, mama yake binti wa Tetu aliyesilimu alipoolewa. Mtihani wa darasa la nane aliupita vizuri, lakini nafasi za sekondari kwa wasichana zilikuwa za kuhesabika na jina lake halikusomwa. Akajifunza taipu, na mwaka wa 1964 chuo kikamwajiri. Hapo ndipo alipowafahamu waliosoma. Alijua nani hawezi kumaliza sentensi, nani anabadilisha maneno matatu ya mwenzake na kutia sahihi yake chini, nani anataja vitabu ambavyo hajapata kuvishika. Wao walimwita "msichana wa taipu" hata alipofika miaka thelathini.

Mwaka wa 1971 alikuja Bwana Gatimu. Alikuwa amekaa ng'ambo miaka miwili, akarudi na koti la sufu alilolivaa hata Januari, na kila baada ya maneno kumi alisema "research" badala ya utafiti. Mwaka uliofuata aliandika kazi ya kusomwa mbele ya walimu na wakaguzi wa shule. Hoja yake ilikuwa moja: mtoto anayeanza kusoma kwa lugha ya mama hupoteza mwaka mzima wa Kiingereza, kwa hiyo Gikuyu iondolewe darasa la kwanza kabisa. Ushahidi wake ulikuwa makala ya mtaalamu mmoja wa ng'ambo, Plinsett, ukurasa wa 112.

Zuena alipofika hapo vidole vyake vikasimama juu ya mashine. Jina hilo la Plinsett alikuwa amelipiga taipu mara tatu kabla, katika kazi za wahadhiri watatu, na kila mara lilikuwa na ukurasa wa 112. Alifungua kabati alimoweka miswada yote ya mkono, akaitoa ile mitatu. Neno lililonukuliwa lilikuwa lile lile, na mkato uliorukwa ulikuwa umerukwa pale pale.

"Watu wanne," akajiambia, "na hakuna aliyefungua kitabu."

Saa ya chakula alikwenda maktaba. Majarida ya ng'ambo yalikuwa chumba cha nyuma, yamefungwa kwa kamba kama yalivyotoka posta. Mtunzaji, Mzee Wahome, alijivunia sana hali hiyo.

"Hii kitabu hakuna mtu ameharibu," alisema. "Angalia. Ni mpya kabisa."

"Naona, mzee. Hata kurasa bado zimeshikana, hazijakatwa."

"Ee! Niko na macho. Mtu hawezi gusa."

Wahome alimwazima kisu, na Zuena akazikata kurasa mwenyewe. Katika ukurasa wa 112 kulikuwa na habari za ujenzi wa madawati. Alipekua jarida lote mpaka akaikuta makala, ukurasa wa 211. Jina la mwandishi lilikuwa Plimsett. Kumbe mtu mmoja, miaka ya nyuma, alikosea herufi moja na kugeuza tarakimu, na wengine wakabeba kosa lake kama lilivyo.

Aliisoma wiki nzima, saa ya chakula, kamusi ubavuni. Kiingereza chake kilikuwa cha kunakili barua, na mara nyingi alirudia ukurasa mmoja siku mbili. Kwenye kipande cha karatasi ya kaboni iliyochakaa aliandika maswali yake: watoto wangapi? muda gani? walilinganishwa na nani? nani aliwapima? Majibu yalipopatikana alicheka peke yake hadi Wahome akachungulia. Watoto walikuwa ishirini na watatu, wa shule moja, katika nchi yenye baridi ambako hakuna aliyepata kusikia Gikuyu. Walifundishwa wiki sita. Mwalimu wao alikuwa mke wa Plimsett, naye ndiye aliyewapima. Hakukuwa na darasa la pili la kulinganisha. Mwishoni Plimsett mwenyewe, mtu muungwana kuliko wote waliomtaja, aliandika kwamba matokeo hayo yasitegemewe mpaka wengine wayajaribu.

Zuena alikwenda kwa Gatimu na jarida mkononi.

"Bwana Gatimu, makala uliyotaja nimeipata. Haisemi ulivyoandika."

Gatimu hakulitazama jarida. "Zuena, wewe umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la nane."

"Basi. Mimi niko na degree mbili. Ati sasa unanifundisha research? Piga taipu."

Akapiga, bila kubadilisha nukta.

Aliporudi mezani alikumbuka kitu kilichomwondoa kiburi kwa siku nzima. Wiki tatu kabla, mwalimu mmoja wa shule ya msingi huko Giakanja, Ngendo, mama wa makamo mwenye viatu vya mpira, alimletea madaftari manne apigiwe taipu. Jalada la juu lilikuwa na tope. Zuena alikuwa amefungua kurasa mbili, akaona hakuna rejeo hata moja wala jina la mtaalamu, akayatupa droo ya chini. Alimdharau Ngendo haraka kuliko alivyowadharau wenye degree.

Sasa aliyatoa, na akayauliza maswali yale yale aliyomuuliza Plimsett. Ngendo alikuwa amefuatilia watoto mia moja na arobaini kwa miaka mitatu. Mkondo mmoja ulianza kwa Gikuyu, mwingine kwa Kiingereza. Kila muhula watoto walimsomea mwalimu wa shule ya jirani awapime, ili Ngendo mwenyewe asije akawapendelea. Wale wa Gikuyu walitangulia kusoma, na kufikia darasa la tatu Kiingereza chao hakikuwa nyuma. Tena Ngendo alikuwa ameandika udhaifu wa kazi yake: watoto kumi na wanane walikosa vipimo kwa sababu ya kuchuma kahawa, na mkondo wa Kiingereza ulipata mwalimu mgeni katikati ya mwaka.

Ngendo alipokuja mjini Jumamosi, Zuena alimkabidhi kazi iliyopigwa safi.

"Nisamehe, mwalimu. Niliiacha droo kwa sababu ya tope."

"Nilijua," Ngendo alisema. "Uliishika kama mtu ameshika panya. Ile tope ni ya ng'ombe, si yangu." Kisha akakaa, akaanza kusahihisha palipopigwa vibaya. Zuena hakuwa amesahihishwa na mtu kwa miaka minane. Makosa yalikuwa mawili.

Siku ya mkutano ukumbi wa chuo ulijaa walimu mpaka wa Kagio na Karatina. Zuena aliketi pembeni akiandika kumbukumbu. Gatimu alisoma kwa sauti nzito, koti limefungwa vifungo vyote. Alipomaliza, Ngendo akanyoosha mkono.

"Bwana Gatimu, watoto wa huyo mtaalamu walikuwa wangapi?"

"Walikuwa wa kutosha, mama."

"Wa kutosha ni wangapi?"

Watu walicheka kidogo. Gatimu akapangusa miwani. "Hiyo ni detail. Mambo ya research ni marefu."

"Ishirini na watatu," Zuena akasema kutoka pembeni. Hakusimama. "Wiki sita. Mwalimu alikuwa mke wa mwandishi. Jarida ninalo hapa."

Mkaguzi wa shule, Bwana Nderitu, alilichukua na kulifungua. "Hii inaanza ukurasa 211. Wewe umeandika 112."

"Hayo ni makosa ya taipu," Gatimu alijibu hapo hapo. "Na jina pia. Ni huyu msichana."

Zuena alifungua mkoba, akatoa mswada wa mkono wa Gatimu na ile mingine mitatu, akaipanga mezani mbele ya mkaguzi. Wino wa watu wanne, kosa moja. Wenye kazi tatu za zamani walikuwamo ukumbini, na wote kwa pamoja wakaanza kutazama dari. Nderitu alicheka mpaka akakohoa. Kisha akatazama saa, akatangaza kwamba chai iko tayari. Hakuna aliyezungumzia tena watoto.

Baada ya miezi miwili Gatimu alipandishwa cheo akaenda Nairobi. Zuena alipewa barua ya onyo kwa kusema katika mkutano ambao aliitwa kuandika tu. Mkuu wa chuo hakuwa na mpigaji mwingine, kwa hiyo barua hiyo Zuena aliipiga mwenyewe. Alimsahihishia sarufi mahali pawili, akamrudishia atie sahihi.

Kazi ya Ngendo ilipelekwa kwa jarida moja la elimu, ikarudishwa na jibu la mistari miwili: haina marejeo. Zuena alitaka waandike barua kali. Ngendo alikataa. Walitoa nakala sitini kwa stensili, Ngendo akazigawa kwa mkono katika shule za Tetu, na baadhi ya walimu wakajaribu njia yake na kumwandikia yaliyowashinda.

Tangu hapo walimu waliotaka kuandika chochote walianza kumwendea Zuena siku za Jumamosi, na makala walizotaka kuzitaja kwapani. Hakuwa mwenyeji mwema. Aliwauliza watoto wangapi, na aliyebabaika alimwonyesha mlango kabla chai haijachemka. Wengine walisema ana dharau, na ni kweli alikuwa nayo. Wengi walirudi wiki iliyofuata, wakiwa wamezisoma.