Yasinta na Kitabu cha Mashine ya Kang'ata

Saa mbili asubuhi, Kang'ata, wilayani Handeni. Ramadhan, fundi wa pampu ya maji, anapeleka mkono kwenye koki ndogo chini ya injini. Yasinta anamdaka kifundo cha mkono.

"Toa mkono. Sijamaliza kusoma."

"Mama Gerald," Ramadhan anamwambia, "ndoo hizo huzioni? Siku ya tatu hii!"

Anaziona. Zimepangwa kutoka kisimani hadi barabarani. Tangu injini ianze kuchemka na kuzimika, maji yanayoletwa na pikipiki yanauzwa shilingi elfu moja ndoo. Ya bwawani watu wanagombea na ng'ombe. Asubuhi hii imewashwa, imechemka, imezimika tena.

Injini ilinunuliwa kuukuu kutoka Hispania, na kitabu chake ni Kihispania kitupu. Ndiyo maana Mzee Mdoe, mwenyekiti wa kamati ya maji, amemwita Yasinta, 52, muuza maandazi wa Old Korogwe. Shule aliishia darasa la nne, lakini alipikia masista wa Kihispania miaka kumi na moja.

Kinachowasumbua ni neno "llave". Liko mara tatu kwenye ukurasa mmoja. Simu ya Ramadhan inalitafsiri "ufunguo" kila mahali, na siku mbili zimeishia kutafuta ufunguo usiokuwapo.

"Neno likiwa peke yake ni kama mtu umemkuta njiani," anasema Yasinta. "Humjui mpaka uone anakwenda kwa nani."

Hilo alilijua kwa kuungua. Mwaka wake wa kwanza jikoni gesi ilivuja, sista akapiga kelele, "Llave!" Yeye akakimbilia ufunguo wa stoo, moto ukalipuka. Anapandisha mkono wa gauni. Kovu linashuka kutoka kiwiko hadi kiganja.

"Alitaka nifunge koki ya mtungi. Hiki ndicho cheti changu."

Tangu hapo hasomi bila kugusa kitu chenyewe. Llave ya kwanza inafungwa, na pembeni imetajwa dizeli: koki ya mafuta. Ya pili ina namba 17 na nati: spana. Ya tatu inafunguliwa maji ya injini yatoke.

"Si ndiyo hiyo niliyotaka kufungua!" Ramadhan anaruka.

"Umesoma nusu. Mbele wameandika injini iwe baridi."

Wanasubiri dakika arobaini. "Tumeletewa mpishi, anangoja chai ipoe!" Mwantumu, mmoja wa wenye ndoo, anapaza sauti kwenye foleni, watu wanacheka. Mzee Mdoe anatazama chini. Jasho linamtiririka Yasinta. Akikosea, atapitaje mbele ya ndoo zile kurudi kwenye basi?

Koki inafunguliwa. Linatoka tope jekundu, zito kama uji; ndilo lililozuia injini kupoa. Bado lina uvuguvugu. Ramadhan anauangalia mkono wake, ule uliokaribia kuungua asubuhi.

Wanasafisha, wanajaza maji mapya, wanawasha. Dakika kumi. Ishirini. Haichemki. Bomba linakohoa, kisha maji yanaruka, na foleni inavunjika kwa vigelegele.

Ramadhan anamsogelea. Tangu asubuhi hajamsalimia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Tafuta rangi na brashi. Kila koki tuiandike Kiswahili leo leo, na lini ifunguliwe. Siku ikichemka tena, msiniite. Nina maandazi yangu."